Skuli Ilitaka Mmoja Tu

Katika mwaka wangu wa mwisho wa skuli, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilitaka kusoma chuo kimoja tu. Kilikuwa Marekani na kilisifika kwa kukataa watu. Sitakitaja, kimeshatajwa vya kutosha. Nilikijua kwa kijitabu kilichokuwapo maktaba ya skuli, chenye picha za maabara zake za kemia, na nilikiazima mara nyingi mpaka mkutubi akachoka akaniambia nikae nacho.

Tulikuwa tukikaa Darsait, mtaa mmoja wa Maskati, ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi wa viyoyozi. Baba alifanya kazi wizarani. Mama alikuwa mkunga wa hospitali ya serikali, na watoto wengi wa mtaa wetu walipita mikononi mwake. Wote wawili walizaliwa Unguja wakaja Oman katika miaka ya sabini, na nyumbani tulisema Kiswahili, Kiarabu kikiingia na kutoka bila ya kubisha hodi.

Chuo kile kilikuwa na njia mbili za kuomba. Ya kawaida, unaomba vyuo kadhaa baada ya mwaka mpya, unajibiwa joto likianza kupanda. Ya pili ni ya mapema. Unaomba mwezi wa kumi na moja, unaweka ahadi kwamba wakikuchukua utakwenda kwao na si kwengine, na jibu linakuja kabla ya mwaka kwisha. Ilisemwa kwamba anayeomba mapema hutazamwa kwa jicho jengine, maana keshaonyesha mapenzi yake. Mimi mapenzi nilikuwa nayo. Nikaandika insha yangu, nikajaza kila kilichotakiwa, nikampelekea mwalimu mshauri, aliyeshughulikia mambo ya vyuo pale skuli. Alikuwa mama wa Kiingereza, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kukusogezea boksi la tishu kabla hajakwambia jambo.

Siku ile alinisogezea.

"Kuna mwenzako anaomba chuo hichohicho, na mapema vilevile," akasema. "Sisi hatupendi kupeleka wawili. Chuo kama kile hakichukui wawili kutoka skuli ndogo kama yetu. Tukiwapeleka nyote tutawaharibia nyote."

"Nani kasema hawachukui wawili?"

"Ni uzoefu wetu."

"Basi kwa nini nisipelekwe mimi, akangoja yeye?"

Akapanga kalamu zake mezani. "Yeye alituambia mwanzo."

Hilo halikuwa kweli, na yeye alijua kwamba nalijua. Mimi nilikuwa nikimwambia tangu mwaka uliopita, mbele ya mwalimu wa kemia. Mwenzangu huyo nilisoma naye chumba kimoja. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mcheshi, hodari wa mpira, na mara nyingine akinakili majibu yangu ya kemia huku akinishukuru. Lakini baba yake alikaa kwenye bodi ya skuli, na ukumbi mpya wa michezo alikuwa ameujenga yeye. Hayo kila mtu aliyajua. Mwalimu mshauri hakuyataja hata moja. Alinishauri tu nisubiri, niombe kwa njia ya kawaida, kwa sababu mimi, alisema, "ni msichana mwenye subira".

Nilitoka pale nikiwa nimekunja ngumi mpaka kucha zikaniuma. Neno lile la subira lilinichoma kuliko neno "mmoja". Nilikuwa nimelisikia kwa bibi zangu, kwa walimu wa chuo cha Qur'ani, kwenye harusi na kwenye misiba, na siku zote nililiheshimu. Sasa nikaliona limebebwa na mtu asiyelihitaji, akanivisha mimi ili nisisimame njiani mwa mwengine.

Mama nilimkuta jikoni. Nikamweleza yote. Akanisikiliza huku akikuna nazi, hakunikatiza, na nilipomaliza akasema, "Kesho nnakwenda kuonana naye."

Alikwenda na nguo zake za hospitali, akitokea kazini, na mimi nikiwa nyuma yake. Kiingereza chake kilikuwa cha skuli za zamani za Unguja, kimenyooka, kila neno limekaa mahali pake. Mwalimu mshauri akarudia maneno yake ya uzoefu na ya kuharibiana. Mama akamngoja amalize.

"Kazi yangu mimi ni kuzalisha," akamwambia. "Wakija wanawake wawili kwa wakati mmoja, simwambii mmoja ajizuie kwa kuwa mwenzake kanambia mwanzo. Wote wanalala kitandani, na anayezaa ni yule anayejaaliwa na Mungu. Mpeleke na wa kwangu."

Yule mama wa Kiingereza akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema atapeleka, bali hawezi kuahidi kwamba skuli itawasifu wawili kwa nguvu moja. Mama akamwambia hakuomba sifa, kaomba kweli. Mpaka leo sijui aliandika nini juu yangu, na sitojua.

Chuo kile kilikuwa na desturi ya kumtuma mtu aliyesoma huko kuonana na mwombaji. Wa Maskati alikuwa mhandisi wa mafuta mwenye nyumba kubwa Madinat Sultan Qaboos, na bustani yenye majani mabichi kuliko yote niliyowahi kuyakanyaga. Mama alinipeleka, akangoja ndani ya gari. Mhandisi yule aliniuliza juu ya kemia, nikamjibu vizuri, akafurahi. Kisha akaniuliza nyumbani tunazungumza lugha gani.

"Kiswahili. Na Kiarabu."

"Kumbe nyinyi si Waomani hasa?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesahihisha anwani. Nikamwambia babu yangu alizaliwa Rustaq, hukuhuku Oman, akazikwa Unguja, na mimi nimezaliwa hapahapa Maskati, na kwamba sijui "hasa" anayoitafuta iko wapi. Akacheka, akabadilisha mazungumzo, akanisifu kwa kujiamini.

Garini mama akauliza, "Vipi?"

"Kaniuliza kama mimi Mwomani."

Mama akawasha gari. "Nawe ungemuuliza kama yeye mhandisi." Basi tukacheka mpaka barabarani, lakini nilipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha na swali lile bado lilikuwa kifuani.

Jibu lilikuja kwa faksi, kwa sababu posta ya kutoka huko ilichelewa sana. Nyumbani hatukuwa na mashine, basi nilikuwa nimetoa nambari ya ofisini kwa baba. Siku hiyo baba alikuwa nje kikazi. Faksi ikapokewa na karani mwenzake, mwanamke wa kwetu, jirani yetu hapohapo Darsait. Akaisoma. Sina hakika alielewa kila neno, ila alielewa kwamba hapana pahala palipoandikwa hongera.

Nilirudi nyumbani kutoka skuli mchana nikakuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni. Nikadhani mtu kafa. Ndani walikuwa wamekaa majirani, kahawa inapita, na mama kati yao uso umemkauka. Mmoja wao, mtu mzima anayeheshimiwa na mtaa mzima, akanivuta akanikumbatia.

"Mwanangu, si riziki yako," akasema. "Usijitie huzuni."

"Riziki gani, shangazi?"

Hivyo ndivyo nilivyopata khabari yangu. Mtaa ulijua, ofisi ya baba ilijua, pengine mpaka muuza mikate alijua, na mimi niliyeandika insha ile na kuitoa moyoni nilikuwa wa mwisho kuambiwa. Mama akanipa karatasi. Hawakunikataa moja kwa moja. Waliniahirisha: jina langu litarudishwa kati ya maelfu ya wale wa njia ya kawaida, nitazamwe upya.

"Lenye kuchelewa lina kheri," mwengine akasema.

"Na msichana peke yake Marekani," akadakia wa tatu, "labda Mungu kakuepusha na jambo."

Nilitaka kuwajibu, nikashindwa, kwa kuwa walikuwa wakubwa zangu na walikuja kwa mapenzi. Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Na hapo nikaanza kujua nilichokuwa nakikasirikia. Riziki inatoka kwa Mungu, hilo sina shaka nalo hata leo. Lakini aliyesema "mmoja tu" alikuwa binadamu, amekaa kwenye kiti cha ofisini, kiyoyozi kinampuliza. Kazi yake aliifanya mtu, na watu wakamsingizia Mungu.

Siku ya pili mwenzangu alikuwa akibebwa begani na wenziwe uwanjani. Alikuwa amekubaliwa. Mwalimu mshauri alinikuta kwenye ngazi akanishika mkono.

"Unaona," akasema taratibu, "hawakuchukua wawili."

Maneno hayo sikuyasahau. Alikuwa ameyafanya yawe kweli, kisha akanionyesha ukweli wake.

Sikuwa na wakati wa kulia sana. Kwa sababu ya ile ahadi ya kuomba mapema, nilikuwa sijaomba kwengine kokote, na milango ya vyuo vingine ilikuwa karibu kufungwa. Skuli ikaenda mapumzikoni na mwalimu mshauri akasafiri kwao. Baba, mtu asiyependa kuomba jambo kwa mtu, akampigia simu mwalimu wangu wa kemia nyumbani kwake. Yule mwalimu akakubali kuniandikia barua ya sifa kwa vyuo vingine, akamfuata mkuu wa skuli amtilie saini. Jioni zile baba aliniletea tapureta ya ofisini, akakaa mezani nami akinisomea insha kwa sauti ili tusikie makosa. Hakusema lolote juu ya faksi wala juu ya yule karani. Ila niligundua kwamba tangu siku hiyo hakupanda tena gari moja na karani yule kurudi Darsait, na hakueleza kwa nini.

Joto lilipoanza, chuo kile kikanikataa kabisa. Barua yao ilikuwa na adabu nyingi: walisikitika, ushindani ulikuwa mkubwa, walikuwa na yakini nitafanikiwa popote. Niliwaandikia kuwauliza swali moja tu: je, ni kweli hawachukui wawili kutoka skuli moja? Walinijibu, nawashukuru kwa hilo. Walisema hawana kanuni ya namna hiyo na hawajapata kuwa nayo. Nikaipeleka barua kwa mwalimu mshauri. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Wote husema hivyo," akasema. Na boksi la tishu likasogea.

Nikalirudisha upande wake, nikatoka.

Nilisoma Uingereza, katika mji wenye mvua na viwanda, kwenye chuo ambacho hakuna aliyekuja nyumbani kunipongeza kwa kukipata. Nilisoma vizuri. Niliwapata walimu waliojua kazi yao na marafiki ninao mpaka sasa. Wanaonisikia nikilalamika huniambia, basi si umeona, mwisho wake ulikuwa mwema. Ndiyo, ulikuwa mwema. Lakini nikinyang'anywa sahani yangu nikaenda kupika nikala nikashiba, kushiba kwangu hakumfanyi aliyenyang'anya kuwa mwema.

Nilirudi Maskati nikaajiriwa kwenye maabara ya kupima maji. Miaka kadhaa baadaye, katikati ya miaka ya elfu mbili, akaja ofisini mtu wa kampuni moja ya ujenzi kufuatilia vipimo vya kisima. Alikuwa yeye, mwenzangu wa skuli, amenenepa kidogo, mcheshi kama zamani. Tukaulizana khabari za wazee. Nikamuuliza alimaliza lini kule.

"Kule?" akacheka. "Sikumaliza. Nilikaa muhula mmoja. Baridi, na watu wanasoma kama wamefukuzwa. Baba ndiye aliyetaka. Nikarudi nikaingia kwenye biashara."

"Mimi nilikiomba pamoja na wewe," nikasema.

"Wewe? Chuo kile?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mbona sikujua? Niliambiwa hapana mwengine anayekitaka."

Basi nikamweleza, nimesimama vilevile na koti langu la maabara: mshauri na "mmoja tu" wake, mama na nguo zake za hospitali, majirani na kahawa, barua ya kwamba kanuni haipo. Sikupandisha sauti. Naye hakucheka tena. Aliinamisha kichwa, akasema kwamba ukumbi ule wa michezo alikuwa akiona haya nao hata wakati ule, ila hakuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na mtu aliyelipia. Akaniomba radhi.

Sikumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Nilimwambia nimeisikia radhi yake, na kwamba si yeye aliyepaswa kuiomba. Aliyepaswa alikuwa amestaafu akarudi kwao, baada ya kufanyiwa sherehe kubwa ya kuagwa ndani ya ukumbi uleule, na wazazi wakamshukuru kwa yote aliyowafanyia watoto wao.

Nikampa majibu ya kisima chake. Maji yalikuwa na chumvi nyingi, hayafai kunywewa. Akauliza kama hapana njia ya kuyapitisha hivyohivyo, kazi imechelewa. Nikamwambia hapana.