Mamumunye ya Bibi na Jirani Yetu Sidi

Majani ya mmumunye yaliyolowa umande yana harufu kali, ya kijani, inayong'ang'ania mikono hata baada ya kunawa. Miaka ya themanini, nikiwa msichana wa miaka kumi, nyumba yetu ya Utange ilinukia hivyo masika nzima. Bibi aliyenilea alipanda mamumunye uani kwa mbegu alizoachiwa na mamake, akizihifadhi kwenye kibuyu chenye jivu. Yalikuwa marefu, yenye michirizi myeupe, laini hata ukayatia kwenye tui bila kuyamenya. Sokoni hukuyaona kamwe. Lakini msimu uliotangulia yaligeuka manjano na kudondoka yangali madogo kama kidole, na sasa Bibi alikuwa amezika ardhini mbegu zake zote za mwisho.

Ndipo tulipoanza kukuta maua chini kila asubuhi, mawili matatu, yamenyofolewa na kuchanwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Bibi, akiukazia macho ua wa makuti uliotutenga na chumba cha Sidi. Sidi alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Kaloleni, amepanga hapo miezi michache, mwenda kanisa, mpole, msalimu watu. Kwa Bibi, upole huo wenyewe ulikuwa ushahidi. Akaniamuru nivizie.

Alfajiri ya tatu, Bibi akiwa bado kwenye msala, nilimwona Sidi akipenya uani kwetu. Alichuma ua, akalichana, akalisugua ndani ya ua jingine huku akinong'ona. Nikatimua mbio kumwita Bibi.

"Sidi! Wafanyani humu?"

"Shikamoo, Bibi. Nayaozesha maua yako," alijibu, akitabasamu.

Yeye alimaanisha kuozesha kama mzazi anavyomwozesha bintiye mume. Bibi alisikia uozo.

"Wallahi, amekiri kwa kinywa chake!"

Sidi alijaribu kueleza, lakini Bibi alikwisha kumfukuza. Ulimi hauna mfupa. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba tuna mchawi. Kisimani wanawake walimwachia nafasi pana, na salamu zake zikakosa wa kuziitikia. Nami sikukaa kimya. Chuoni, tulikosomeshwa Kurani, niliwasimulia wenzangu kwamba nilimwona na hirizi mkononi, jambo ambalo sikuliona. Mwezi haukwisha, Sidi akahamia Bombolulu.

Mamumunye aliyoyagusa yakanenepa. Yaliyotunga baada ya kuondoka kwake yakawa manjano, moja baada ya jingine. Bibi alisema uchawi umebaki mchangani. Mimi nikaanza kuishuku hadithi yangu mwenyewe. Asubuhi moja nilifanya kama nilivyomwona akifanya: nikachuma ua lenye kikonyo chembamba, nikalisugua ndani ya ua lenye kijitunda nyuma yake. Siku ya tano kijitunda kile kilikuwa kibichi bado, kimenenepa. Nikamwita Bibi, nikamwonyesha.

"Nani kakufunza?"

"Sidi, Bibi. Ndivyo alivyokuwa akifanya."

Bibi alichutama, akalinganisha maua mawili yaliyochanua asubuhi ile, lenye kikonyo kitupu na lenye kijitunda, dume na jike. "Kumbe alikuwa akiyatafutia waume," alisema.

Tulikwenda Bombolulu tukiulizia nyumba hadi nyumba, Bibi kabeba mumunye kubwa kuliko yote na fundo la mbegu za msimu ule. Sidi alivipokea kwa mikono miwili, mlangoni.

"Nimekukosea, mwanangu. Niwie radhi."

"Yamekwisha, Bibi."

Hakutukaribisha ndani. Mimi nilijificha nyuma ya leso ya Bibi, na habari ya ile hirizi sikuitamka.

Leo Utange imejaa kuta zenye vigae vya chupa juu yake, nami napanga chumba ghorofani Nyali. Nimeishi mlango kwa mlango na jirani wa mkabala miaka mitatu. Nikisikia hatua zake ngazini, hutazama kwanza kama komeo langu limefungwa. Bibi alimdhania Sidi mabaya, lakini alimjua kiasi cha kumtafuta na kumwomba radhi. Nikimkosea huyu wangu, sina hata jina la kumwulizia.