Sajini Zubairi Aliacha Mtoto

Sajini Zubairi alidhulumiwa akiwa amekwisha kuoshwa na kukafiniwa, hana tena kinywa cha kujitetea. Asubuhi ya maziko yake, mwezi Agosti 2024, chini ya hema lililofungwa uani kwake Kasubi, mdogo wake Latif alishika kipaza sauti kwa niaba ya ukoo. Alieleza maisha ya kaka yake tangu utotoni hadi alipostaafu polisi, kisha akahitimisha: "Marehemu hakuacha mtoto. Mungu hakumjalia."

Upande wa wanawake, Rosebella Sifuna aliyasikia maneno hayo yakimpita juu ya kichwa. Ndiye aliyemuuguza mzee. Ndiye aliyemfumba macho. Alikuwa amekwisha kujiandaa kwa majonzi, lakini hakujiandaa kumwona mtu aliyeutumia ukubwa wake wote kuwa baba akizikwa kama mgumba.

Damu yake na ya Zubairi hazikukutana popote. Marehemu Sifuna, baba aliyemzaa, alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Bungoma akafia Kampala, akamwacha mkewe Vera na binti anayeanza kuota meno ya pili. Vera aliuza mabeseni katika duka dogo sokoni Kikuubo. Huko ndiko Zubairi, Mnubi, Mwislamu, askari wa trafiki mwenye filimbi shingoni, alikomwona akamposa. Ndugu zake walimwonya kwamba anaoa mjane, Mkristo, na mgeni, vyote kwa mahari moja. Alijibu kwamba basi amepata kwa bei nafuu.

Wakahamia kambi ya polisi, katika kibanda cha bati cha mviringo ambacho askari hukiita yunipoti. Vera aliondoka kwenda dukani kabla ya jua, kwa hiyo nywele za Rosebella zilisukwa na sajini, barazani, akiwa na sare kamili.

"Afande, umehamia saluni?" jirani yake Kidega alimchokoza.

"Leta kichwa chako nikusuke, uache kunichungulia," Zubairi alijibu bila kuinua macho.

Kambi ina desturi yake. Jioni askari hupangwa mstari na kuitwa majina, na asiyeitika huhesabiwa mtoro. Zubairi aliihamishia desturi hiyo nyumbani. Akitoka zamu, hata kofia hajavua, husimama mlangoni na kuita kwa sauti ya gwaride:

"Sifuna!"

"Hapa, afande!"

"Umekula?"

"Nimekula, afande!"

"Kuna aliyekuonea leo?"

"Hakuna, afande!"

Bati halifichi siri. Safu nzima ya vibanda iliusikia mwito huo kila jioni, na wapo waliouzoea kiasi cha kupakulia chakula kwa kuufuata.

Siku moja jibu la tatu lilibadilika. "Yuko, afande." Mwalimu alikuwa amemsimamisha mbele ya darasa na kuuliza Zubairi na Sifuna ni wapi na wapi, darasa likaangua kicheko. Kesho yake sajini aliingia darasani na sare yake, akajibana kwenye benchi la watoto, magoti yakimfika kidevuni.

"Mwalimu, jina la Sifuna ni la aliyemzaa, na silifuti, maana marehemu haporwi," alisema. "Mimi ni yule anayemlea. Sasa fundisha, nami nisikie."

Mwalimu akageukia ubao, akafundisha.

Hakulifuta jina lile, wala hakuigusa dini yake. Jumapili alimsindikiza hadi lango la kanisa, akamngoja ng'ambo ya barabara. Na Vera alipofariki, watu walitarajia kwamba binti na mzee sasa wataagana, kila mtu ashike njia yake. Rosebella alikuwa mtu mzima tayari, mhadhiri wa chuo kikuu, mwenye nyumba yake Nateete. Jioni ya matanga simu yake ililia. "Sifuna! Umekula?" Simu hiyo haikukoma hadi wiki aliyofariki.

Mtu kama huyo ndiye aliyeambiwa, mbele ya jeneza lake, kwamba hakuacha mtoto.

Rosebella akasimama. Rehemah, dada wa marehemu, akamshika pindo la gomesi.

"Keti, nyabo! Unasimama kama nani?"

"Kama nilivyo, shangazi."

"Banange! Shahada zimekupanda kichwani. Kiwanja hiki ni cha ukoo, hukipati!"

"Kichukueni, shangazi, pamoja na mwembe wa langoni mwake. Mimi nimefuata baba."

Akajinasua, akatembea hadi katikati ya hema, mahali ambapo siku hiyo hapakuwa na mwanamke. Latif akainua mkono kumzuia. Rosebella hakukigusa kipaza sauti. Alibana visigino, akanyoosha mikono ubavuni kama alivyofundishwa barazani, akasema kwa sauti iliyovuka ua:

"Sajini Zubairi ana mtoto. Hapa, afande!"

Minong'ono ikatanda. Mtu akasema atolewe. Ndipo mzee mmoja akanyanyuka taratibu kwenye viti vya nyuma, walikoketi askari wastaafu. Alikuwa Kidega, jirani wa yunipoti, mgongo umepinda, sauti haijapinda.

"Latif, ndugu yangu, mtoto yuko. Wewe hukuishi kambini. Sisi tulimsikia kila jioni." Kisha akamgeukia Rosebella, akavuta pumzi na kuita kama alivyoita mwenzake: "Sifuna!"

"Hapa, afande!"

"Umekula?"

Wastaafu wengine walikuwa wamekwisha kusimama, mmoja baada ya mwingine, mikono ubavuni.

"Nimekula, afande."

"Kuna aliyekuonea leo?"

Rosebella alimtazama Latif usoni, hakupepesa.

"Yuko, afande."

Shehe aliyeongoza maziko ndiye aliyelipokea jibu lile. Alisema kwamba dini haimpi mtu nasaba isiyo yake, na binti huyu hakuiomba. Lakini kuyakana malezi mbele ya maiti ni ushahidi wa uongo, na ushahidi urekebishwe kabla jeneza halijainuliwa. Latif akakishika tena kipaza sauti, mkono mzito kama wa anayeinua jiwe. "Marehemu," alisema, "aliacha mtoto aliyemlea. Anaitwa Rosebella Sifuna." Hakuomba radhi. Rosebella naye hakuingoja. Alirudi mkekani akaketi kando ya Rehemah, ambaye alimsogezea nafasi huku amenuna.

Jumapili, tarehe 18 Mei 2025, kikao cha ukoo kilichoketi Kasubi kiliamua kwamba katika kila maziko yao, waliolelewa na marehemu watasimamishwa na kutajwa kwa majina pamoja na aliowazaa, na aliyetoa hoja hiyo ni Rehemah.