Kocha, Dada wa Daftari na Beki wa Kushoto

Timu yetu ya wahamiaji ilifanya mazoezi kila Jumapili mchana, mtaa wa Cato Manor, na mimi nilikuwa katibu wake. Kocha, Mkongomani wa makamo, alikuwa fundi simu kule Isipingo. Wachezaji aliwachagua kwa kuwatazama tu. Kisha akaja dada mmoja Mtanzania, mwanafunzi wa takwimu anayeishi Westville, akaomba kukaa pembeni na daftari, aandike kila pasi na kila mbio.

Nilitegemea ugomvi. Mimi mwenyewe nikibishana juu ya mpira sauti hupanda kabla ya hoja.

Ikafika siku ya kumchagua beki wa kushoto. Kocha alikuwa na mtu wake.

"Ule mpira iko ndani ya damu yake," alisema.

"Ni kweli kocha, ana mguu mzuri," dada akajibu. "Lakini kipindi cha pili akipanda, harudi. Nimeandika mechi tatu, zote hivyo hivyo."

Wachezaji wakacheka. Mmoja akauliza daftari limeshafunga mabao mangapi.

"Eish, acha aseme," kocha akamkata. "Dada, nionyeshe."

Wakainamia ukurasa pamoja. Kocha aliuliza maana ya kila alama, bila haraka wala dharau.

Jumapili iliyofuata, kwenye mechi ya mazoezi, alisimama nyuma ya goli kipindi chote cha pili, macho kwa yule beki peke yake. Alirudi ameloa jasho.

"Iko vile ulisema. Harudi. Lakini haiko uvivu. Angalia vile anakanyaga. Anaogopea goti."

Dada akamtazama beki akitoka uwanjani. "Hilo sikuliona kabisa, kocha. Nilishamhukumu kuwa mvivu."

Tulipomwuliza, beki akakiri: goti lilikuwa likimuuma kwa wiki kadhaa, akaficha asije akapoteza namba. Akapumzishwa. Aliyeshika nafasi yake alipendekezwa na dada; kocha alimkubali, ingawa kila pasi yake ilimfanya agune.

Beki alipopona, mabishano yakageuka. Kocha ndiye aliyetaka asubiri, dada ndiye aliyemtetea kwa mbio zake za mazoezini. Wakakubaliana acheze nusu saa. Tulitoka sare, na nilipokuwa nakusanya jezi nikawasikia bado wanavutana, kila mmoja akimwacha mwenzake amalize sentensi. Niliwaonea wivu.