Kinoo cha Baba Mkwe

Jumamosi unamchinjia binti yako mbuzi wa akika, mwanangu, nami naikumbuka siku niliyomchinjia mama yake, huyo mkeo, akiwa na siku saba. Nilikuwa kijana, kanzu mpya, wakwe wamejaa uani kwao Mapinga wananitazama. Basi nikataka sifa.

Nikachukua kinoo, nikachutama hatua mbili tu kutoka kwa mbuzi, nikaanza kunoa. Kunoa gani! Mbele nyuma, mbele nyuma, kwa nguvu zote, kama anayesugua ukoko wa sufuria. Kisu kikang'aa kweli, nami natabasamu. Mbuzi alikuwa anavuta kamba mpaka anakoroma, wala sikumwona.

Baba mkwe, Mzee Kondo, Mungu amrehemu, akaja akanishika mkono. Akapitisha makali kwenye uzi wa kumbi la nazi. Uzi haukukatika.

“Hiki kisu au mwiko?” akaniuliza. “Na huyu kiumbe unamtisha ya nini?”

Jamani, aibu! Kwa kisu kile ningemtesa mnyama siku ya mwanangu wa kwanza, halafu kwenye viungo ningeshindwa, niombe panga nivunje mifupa. Na mifupa ya mbuzi wa akika haivunjwi, unajua.

Hakunigombeza tena. Alinipeleka nyuma ya jiko, akanyunyizia kinoo maji, akaushika mkono wangu ndani ya wake. Tukakilaza kisu, mgongo umeinuka kidogo tu. Tukasukuma makali mbele, taratibu, kana kwamba tunalimenya jiwe ngozi nyembamba, kuanzia karibu na mpini mpaka nchani, mara kadhaa. Tukageuza upande wa pili, mara zile zile.

“Usikandamize, baba,” akasema. “Ukikandamiza, makali yanapinda.”

Nilivyompenda mzee yule!

Safari hii uzi ulikatika kwa kuguswa tu. Tukarudi na kisu tumekifunika kwa kitambaa. Nikapiga bismillahi, na mbuzi hakuhangaika.

Kwa hiyo nakuusia: noa mapema, noa mbali na macho ya mnyama, mkono uwe mwepesi, wala usinoe kwa ajili ya watazamaji. Kinoo ndicho hiki, kimebonyea katikati kwa mikono yake na yangu. Chukua, ni chako sasa. Mungu akukuzie binti yako, na siku ikifika akuletee mkwe mpenda sifa kama nilivyokuwa mimi, nawe umshike mkono.