Chupa Mbili kwa Lita Tano

Chenso yetu, msumeno wa petroli, ina umri mkubwa kuliko mimi. Tata, yaani baba yangu, aliinunua kwa seremala mmoja mzee kabla sijazaliwa, na kibandiko cha maelezo kilishafutika zamani. Kwa hiyo maelezo yako kichwani, na tangu nimalize kidato cha nne kichwa chenyewe ni changu. Mashine za siku hizi zinataka oili moja kwa petroli hamsini. Yetu inataka moja kwa ishirini na tano. Napima kwa chupa ya dawa ya kikohozi, ile ya mililita mia: chupa mbili za oili nyekundu kwenye kidumu cha lita tano. Petroli ya pampu, sio ya kwenye chupa za barabarani. Natikisa mpaka yote iwe ya pinki. Ukipunja oili pistoni inasagika kavu, maana injini hii haina oili nyingine ndani.

Tata alikuwa ananisifia kwa wateja. "Mchanganyo ni wa mwisiki wangu, binti yangu huyu, mimi nakata tu." Na aliniahidi kwamba mwaka huu nitashika mashine mwenyewe. Mama alitaka nikajifunze cherehani. Tata akamwambia aniache.

Mwezi uliopita baba mkubwa akaja kutoka Kimwani kuiazima. Yeye alikaa miaka visiwani na boti za uvuvi, anajiona fundi wa kila kitu chenye injini. Nikamjazia kidumu, nikamwambia, "Baba mkubwa, hii ikiisha usichanganye ya kwako. Nipigie simu."

Akacheka. "Mimi nachanganya mafuta wewe hujazaliwa. Utanifundisha nini?"

Aliirudisha Jumamosi, imefutwa mpaka inang'aa. Tanki lilikuwa na mafuta nusu, nikajua ni mchanganyo wangu. Sikufungua kuangalia. Hilo ndilo kosa langu, na nalikubali.

Jumatatu tukaenda Nshambya kuangusha mkaratusi. Dakika kumi hazikuisha. Chenso ikalia sauti nyembamba, ikazima. Tata akavuta kamba, kamba haisogei.

Tukaipeleka kwa fundi, kule Rwamishenye. Baba mkubwa alikuwa bado mjini, naye akaja. Fundi akafungua, akatuonyesha pistoni imechubuka mistari mistari.

"Imekosa oili. Nani anachanganya?"

Baba mkubwa hakungoja. "Si huyo? Nilisema mimi. Mwisiki na chenso wapi na wapi!"

"Nilitia chupa mbili! Tata, mwambie. Si uliniona?"

Tata akaichukua pistoni, akaigeuzageuza. "Tutaongea nyumbani."

Nikatoka nje, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka baba mkubwa afaidi.

Nyumbani hatukuongea. Tulikula bitoke, ndizi za kupika, halafu Tata akamwambia Mama kwamba basi, nianze cherehani wiki ijayo. Kibaya zaidi, nikaanza kujishuku. Mimi ni mtu wa haraka, kila mtu anajua. Labda siku ile nilitia moja?

Asubuhi nikarudi kwa fundi. Nilitaka tu kuona mafuta aliyoyamwaga kutoka kwenye tanki. Yalikuwa bado kwenye kopo chini ya benchi. Hayakuwa ya pinki. Yalikuwa ya bluubluu, mepesi kama maji.

"Oili ya boti," fundi akasema. "Na ni kidogo. Injini ya boti inapozwa na maji ya ziwa, inavumilia. Hii yenu inapozwa na upepo tu."

"Naomba hilo kopo nikamwonyeshe Tata."

Akaniangalia. "Mbona alishaona? Jana, ulipotoka nje. Aliniuliza mwenyewe hii rangi ni ya nini, nikamwambia, na kaka yake amesimama hapohapo."

Nilirudi kwa miguu, mbiombio. Tata alikuwa kwenye kibanja, anakata majani makavu ya migomba.

"Ulijua."

Akaendelea kukata. "Yule ni mkubwa wangu. Nimwaibishe mbele ya fundi?"

"Na mimi je?"

"Wewe ni mtoto wangu. Utasahau."

Sijasahau. Jumapili baba mkubwa alikuja baada ya ibada, Mama akaniambia nimpelekee kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote. Nikampelekea, nikapiga magoti kabisa. Akachukua punje mbili, akatafuna, akaniuliza cherehani naanza lini.

Wiki hii chenso imerudi na pistoni mpya. Tata akaniita nyuma ya nyumba, pasipo na mtu.

"Mwisiki, njoo unichanganyie. Nina kazi Nshambya."

"Tunaenda wote?"

"Wewe una cherehani."

"Basi changanya mwenyewe."

Akachukua chupa ya dawa, akajaza moja, akaimimina kwenye kidumu. Akafunga, akaanza kutikisa. Sijui kama alisahau au alikuwa ananipima. Mafuta yalikuwa na rangi hafifu, hata kwa mbali niliona. Nikasema moyoni nami nitanyamaza, kama alivyonyamaza yeye kwa fundi. Nikageuka kuondoka, nikafika mpaka kona ya nyumba.

"Mbili," nikasema. "Ni mbili, Tata."

Kisha nikachukua mkasi wangu na kitambaa, nikaenda kushona.