Faini Mbele ya Bariyeri

Juzi nilikuwa katika biro moja ya serikali pale Sake, nikingoja karani anigongee muhuri. Akaingia dereva wa kamyo, lori la maharagi, matope mpaka magotini, na karatasi ya faini mkononi. Karani alikuwa amemwandikia kosa la kusimamisha kamyo barabarani tangu asubuhi, mbele ya mti wa bariyeri unaozuia njia.

"Papa, mvua ilinyesha, mukafunga bariyeri ili barabara ikauke. Ningepita wapi?"

Karani hakuinua macho. "Kufunga bariyeri iko kazi ingine. Kusimama mu barabara iko kosa."

"Lakini ni weye njo ulifunga! Ufunguo iko mu shingo yako!"

Karani akaushika ufunguo, akauingiza ndani ya shati, akafunga kifungo. "Kama unakataa faini, uende kulalamika Masisi, kwa mukubwa."

"Sawa. Fungua basi, niende."

Karani akachungulia dirishani, akayatazama matope bila haraka. "Barabara haiyakauka bado."

Kwa hiyo ndio uhuru tuliouchezea ngoma! Nilitaka kuipiga ile meza ngumi. Lakini nyumba yangu iko ng'ambo ya bariyeri ileile, basi nikavua kofia, nikaomba muhuri wangu kwa adabu.