Kompyuta ya Chumba cha Mbele

Nasema mapema nisije nikaambiwa napendelea: napendelea. Shangazi yangu ni fundi cherehani, mtaani wanamwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake, na katika ugomvi huu nilikuwa upande wake hata kabla sijajua nani ana haki.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya chumba cha mbele cha nyumba aliyoacha babu. Babu aliwaachia wote wawili, shangazi na baba yangu. Lakini baba ndiye mkubwa, funguo zikaenda kwa mkubwa, na mwenye funguo akaanza kusema "nyumba yangu". Shangazi ameshonea ndani ya chumba kile miaka mingi: dirisha linalotazama barabara, meza ya kukatia iliyochubuka pembe, vipande vya vitambaa mpaka kizingitini. Kisha akatokea kinyozi anayetafuta pa kufungua biashara, na baba akaona neema imemshukia.

"Siku hizi nani anashonesha?" baba alisema. "Watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari."

"Masweta ya shule hayajidarizi nembo," shangazi akamjibu.

Na ni kweli. Alikuwa amepata kazi ya kudarizi nembo za shule, na mashine ya kudarizi alikuwa nayo, ile inayochora kwa uzi yenyewe. Tatizo ni kwamba mashine ile haina akili yake, inasubiri kompyuta iipe mchoro. Baba akaweka sharti mbele yetu sote, huku anachokonoa meno: Jumamosi angekuja na kinyozi. Akikuta kompyuta inafanya kazi, chumba ni cha shangazi. Akikuta haifanyi, vitambaa vihame.

Mtu mwingine angekimbilia dukani kununua iliyotumika. Shangazi aliwahi kuwa nayo moja, akaipeleka kwa fundi wa kona isafishwe feni, ikarudi imeibiwa memori na kuwekewa ndogo. Tangu hapo aliapa kuwa hakuna mtu atakayemfungulia mashine yake nyuma ya pazia. "Nitaiunga mwenyewe," alisema, "kila skrubu niijue kwa sura." Alikuwa ameanza zamani kununua kipande kimoja kimoja, kasha, ubao mkuu unaobeba kila kitu, boksi la umeme, memori, diski yenye programu ya kudarizi, skrini, na kuvifungia pamoja na vitambaa vyake vya harusi.

Ijumaa asubuhi tulimaliza kuiunga. Shangazi akajifunga kibwebwe kweli kweli, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena kwa dole gumba, kwa nguvu. Hata taa ya mbele haikupepesa.

"Imekufa," nikasema.

"Itakufaje na haijazaliwa?" akanikata. "Lete pasi."

Nikadhani hasira zimempanda kichwani. Kumbe alitaka kuichomeka pasi kwenye soketi ileile. Akaigusa kwa kidole kilicholowa mate, ikalia "chsss". Umeme wa ukutani upo. Akachomoa waya wa umeme wa mashine ya kudarizi, akaujaribu kwenye kompyuta. Tatizo si waya. Akatazama swichi ya nyuma ya boksi la umeme. Imewashwa. Ndivyo anavyofanya na gauni linalovuta: halifumui lote, anaanza na mshono mmoja, akiridhika nao anakwenda kwa unaofuata.

Hapo kinyozi akaingia. Baba alikuwa amemtuma apime ukuta wa kutundikia vioo. Mtu mpole, kichwa chake mwenyewe kinang'aa.

"Samahani mama, napima tu."

"Pima," shangazi akasema bila kuinua uso. "Hata mimi kuna wateja nawapima na hawarudi."

Kinyozi akawa anapima huku anatuchungulia. "Si ungempa tu fundi, mama?"

"Wewe ukinyoa upande unaita nani amalizie?"

Akanywea, akarudi kwenye ukuta wake.

Shangazi akazima, akachomoa kwenye ubao plagi kubwa inayotoka kwenye boksi la umeme, akakunja klipu ya karatasi na kuunganisha kwenye plagi hiyo waya wa kijani na mweusi, kisha akawasha. Feni ya boksi ikazunguka. Boksi ni zima! Akarudisha plagi, akachomoa memori, akaifuta, akaikandamiza mpaka ikalia pande zote mbili. Akabonyeza kitufe. Kimya. Mchana wote ulikwenda hivyo, na chakula kikapoa mezani. Mimi nilishaanza kutazama vile vitambaa na kuwaza tutavihamishia wapi. Nikamwambia taratibu, "Shangazi, tukimpigia fundi sasa hivi..."

Akaweka bisibisi chini. "Sikiliza, mwanangu. Nikimwita fundi, baba yako atasema fundi ndiye aliyewasha, mimi nilikuwa namshikia tochi. Humu nimekaa kwa mikono yangu. Nitabaki kwa mikono yangu, au watanitoa na bisibisi nikiwa nayo."

Machozi yalimlenga, akayarudisha yalikotoka. Niliogopa kwa ajili yake, na nilimpenda kuliko siku zote.

Jumamosi aliamka na jibu nusu. "Kwenye ubao kuna kitaa cha kijani kinawaka," alisema. "Kwa hiyo umeme unafika. Boksi ni zima. Aliyebaki ni mtoa amri." Yaani kitufe. Waya za kitufe huchomekwa kwenye kundi la pini ndogo pembeni mwa ubao, na shangazi alikuwa amezichomeka kwa kufuata mchoro aliouchora mwenyewe, maana maandishi ya kijitabu kilichokuja na ubao yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Aliukuza kwenye karatasi nyepesi ya patani, ileile anayochorea vipande vya mashati kabla ya kukata. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha ili niione vizuri. Wino ulikuwa upande wa pili.

"Shangazi, ulikuwa unaisomea kwa nyuma?"

Akaninyang'anya. Akatazama karatasi, akatazama ubao, akaanza kucheka mpaka akashika meza. Patani huwa anaigeuza kila siku ya Mungu, kwa sababu kitambaa hukatwa upande wa ndani ukiwa juu. Mkono uliigeuza kwa mazoea, wala haukumwuliza. Kulia kukawa kushoto, na waya za kitufe zikakaa mahali pa waya za taa. Siku nzima tulikuwa tunabonyeza taa.

Kabla ya kuhamisha chochote, akachukua bisibisi ndogo ya cherehani, akagusanisha kwa ncha yake zile pini mbili za kitufe, zile za kweli. Feni zikavuma, skrini ikajaa rangi ya bluu. Tulipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna msiba gani. Kisha akazima, akahamisha waya, akaiunga na mashine ya kudarizi, akaketi kumsubiri kaka yake.

Baba alikuja na kinyozi wake. "Haya, iko wapi?"

"Bonyeza mwenyewe, kaka."

Akabonyeza kwa ncha ya kidole. Ikawaka. Punde mashine ya kudarizi ikaanza kushona nembo kifuani mwa sweta, herufi kwa herufi, mpaka ikamaliza.

"Vizuri," baba akasema, macho yake dirishani. "Hongera. Lakini dada, mimi na huyu bwana tulishapeana mikono. Hata kabla sijakuwekea lile sharti."

Kumbe sharti lilikuwa la kutupumbaza. Damu ilinichemka. Baba yangu mzazi! Kinyozi akainamisha kichwa. Nadhani naye ndiyo kwanza anasikia habari ya sharti.

"Ulitaka nishindwe," shangazi akasema, wala hakupaza sauti, "ili unitoe bila aibu. Sasa utanitoa na aibu yako. Nyumba hii aliijenga baba yetu, na baba alikuwa na watoto wawili." Akamgeukia kinyozi. "Sina ugomvi na wewe, ndugu yangu. Kama unataka pa kunyolea, sebule ya kaka humu humu nyumbani ina dirisha kubwa kuliko hili. Mwombe hiyo."

Kinyozi wa watu akageuka kweli kuitazama sebule. Shangazi akawasindikiza wote wawili mpaka nje, akarudi, akafunga mlango kwa komeo. Mimi nilibaki ndani, nimeshika sweta la pili.

Baba akagonga kwa kiganja. "Wewe binti! Toka humo mara moja!"

Sijawahi kumkatalia baba hata kumletea maji. Nikamtazama shangazi, lakini hakunitazama. Alikuwa anabadilisha uzi, ameniachia mwenyewe.

"Niko kazini, baba," nikasema, nikaliweka sweta chini ya sindano.